Nusu ya Pili Iko Kpandroma

Katika simfonia tunayojifunza kuna mahali ambapo alto hunyamaza ghafla, na si mtunzi aliyetaka inyamaze. Inanyamaza kwa sababu mtu mmoja tu duniani ndiye anayezijua noti za hapo. Mtu huyo alipanda kwenda kwao Kpandroma, milimani kaskazini, kumsaidia mama yake kuvuna maharagi, na tangu barabara ifungwe hakuna hapa Bunia aliyesikia sauti yake.

Alto ni violoni iliyo kubwa kidogo kuliko violoni ya kawaida, na sauti yake ni ya katikati. Haiimbi wimbo wenyewe. Inakaa chini ya wimbo, kama mtu anayeshika ngazi ili mwenzake apande. Katika okestra ya parokia yetu alto zilikuwa mbili, yake na yangu, na kwa miaka kadhaa tuliketi bega kwa bega, yeye kushoto, mimi kulia. Yeye alinizidi umri kidogo. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye aliniita mudogo. Aliuza viazi na kabichi sokoni, mizigo iliyoshuka kwa lori kutoka kwao, na alipofika mazoezini vidole vyake vilikuwa bado na udongo mwekundu kwenye kucha. Maestro, kiongozi wa okestra, alimkaripia kila mara, naye kila mara alijibu: “Udongo ya Kpandroma iko na sauti, maestro. Acha ikae.”

Lazima nieleze kwa nini noti zile zimo kichwani mwa mtu na hazimo kwenye karatasi.

Zamani maestro alikuwa na kabati lililojaa karatasi za muziki, nyingine alizozinakili kwa mkono wake akiwa mwanafunzi Kisangani. Siku tulipolazimika kukimbia mtaa wetu, kabati lilibaki. Tuliporudi, mbao zake zilikuwa zimekwenda jikoni kwa watu, na karatasi hatukujua zilikokwenda, hadi siku maestro aliponunua karanga barabarani. Alifungua ile karatasi iliyofungiwa karanga, akakuta violoni ya pili. Alirudi kwa yule mama muuzaji, akamuuliza kama anazo nyingine. Akajibiwa kwamba zilizobaki zimekwisha kwa kufungia chumvi.

Toka siku hiyo maestro hakutaka tena karatasi. “Karatasi ni ya karanga,” husema, na wageni hudhani anatania. Anachotufundisha anatufundisha kwa mdomo. Chombo kinawekwa chini, tunaimba do, re, mi mpaka koo lijue, ndipo mkono unaruhusiwa. Na kwa kuwa sisi sote tuna kazi, na mazoezi ni baada ya saa za soko na kabla ya giza, alibuni utaratibu wake. Wale wawili wanaoketi pamoja anawagawia kipande nusu kwa nusu. Kila mmoja anakwenda peke yake nyumbani kwa maestro, anafundishwa nusu yake, kisha anamfundisha mwenzake. Anasema anayefundisha hasahau. Ni kweli. Mimi leo naweza kusahau nambari yangu ya simu, lakini noti nilizomfundisha yaya sitazisahau.

Simfonia yenyewe ni ya mtunzi wa karne ya kumi na tisa, kutoka nchi za katikati ya Ulaya. Jina lake linatushinda kulitamka, hivyo tunamwita Mwana wa Mchinjaji, kwa kuwa baba yake alikuwa na bucha. Jambo hilo lilimfurahisha sana yule anayepiga besi, ambaye anauza nyama ya ng'ombe karibu na soko. Siku maestro alipolitaja alisimama na besi yake.

“Mumesikia? Huyu ni mutu ya kwetu. Siye wa nyama tuko na masikio.”

“Masikio ya ng'ombe,” yaya akamjibu, na mazoezi yakachelewa.

Maestro alitusimulia hadithi ya kazi zile za kwanza za mtunzi, na kila aliposimulia aliketi. Mtunzi alikuwa kijana bado, hana jina. Alikuwa akipiga alto katika okestra ya jumba la michezo ya kuigiza, jioni baada ya jioni, akishika ngazi ili wengine wapande. Akaandika simfonia yake ya kwanza, akaipeleka kwenye mashindano katika nchi ya jirani. Haikushinda, na haikurudi. Hakuwa na nakala. Baadaye alipata umaarufu, akaandika nyingine nyingi, na nyingi za ujana wake alizichoma kwa mkono wake mwenyewe. Ila ile ya kwanza hakuwa nayo hata ya kuchoma. Alikufa akijua kwamba imepotea. Kumbe mtu mwingine alikuwa ameikuta katika duka la vitu vya zamani, akainunua, akaiweka ndani. Ilichezwa mara ya kwanza mtunzi akiwa kaburini kwa miaka mingi.

Yaya ndiye aliyeuliza.

“Sasa nani alimuambia kama ilikuwa muzuri?”

“Hakuna mutu.”

“Hata bibi aliyemuoa hakusikia?”

“Hata bibi yake.”

“Aa, hapana. Hiyo siye tutaicheza,” akasema, kana kwamba mtunzi ni jirani aliyefiwa na sisi tunapanga zamu ya kupika.

Hivyo ndivyo ilivyochaguliwa. Nimesikia watu wanaojua wakisema kwamba ni kazi ya kijana, ndefu, ina marudio mengi, mahali pengine inajikwaa. Yote hayo tuliyaona tulipoisikiliza kwenye simu ya maestro. Lakini sehemu ya pili, ile ya polepole, ilitushika sote. Inakwenda kama mtu anayetembea jioni kuelekea nyumba ambayo hana uhakika kama ina watu.

Okestra yetu haina filimbi ya obua, na haina zile pembe za shaba zinazoviringwa. Tuna tarumbeta mbili na trombone moja za fanfari, bendi ya zamani ya shaba, violoni nne, alto mbili, selo moja na besi ya mchinjaji. Kwa hiyo maestro alizitoa kazi za pembe akazitia kwenye alto. Nusu ya kwanza aliitengeneza na mimi, nusu ya pili na yaya, kwenye kinanda chake kidogo chenye vitufe viwili visivyolia. Mimi nilipokea nilichopewa. Yaya alibishana. Alikataa noti, akaimba nyingine, maestro akakubali, kesho yake yaya akageuza tena. Maestro anakiri kwamba mwishowe hakujua tena kipi ni chake na kipi ni cha muuza viazi.

Ndiyo maana kupakua karatasi za mtunzi kwenye simu hakusaidii. Wengi wamenishauri hivyo. Alto ya mtunzi ipo, mtu yeyote anaweza kuipata. Alto yetu, ile ya nusu ya pili, haipo popote isipokuwa kwa yaya.

Nilimfundisha nusu yangu kwanza, nyuma ya meza yake sokoni, siku za mvua wateja wanapopungua. Aliishika haraka. Yake tulipanga anifundishe baadaye. Kisha mama yake akatuma habari kwamba maharagi yamekauka na mgongo umekataa kuinama.

Asubuhi alipoondoka nilikwenda kumsindikiza kwenye lori. Mume wake, fundi wa kujenga, ambaye mimi namwita shemeji, alikuwa ameshika watoto wao wawili. Yaya alikaa juu ya magunia matupu, alto yake imefungwa ndani ya kitenge. Nilimwambia aiache, barabara ni mbaya.

“Niache mutoto yangu kwako umuharibie sauti? Weye nasoma vifo kwa redio kama natangaza sabuni. Alto yangu itajifunza hiyo tabia.”

Watu kwenye lori walicheka. Kazi yangu ni kweli hiyo. Ninasoma matangazo katika redio ya hapa: vifo, mikutano ya wazazi, ng'ombe waliopotea, watu waliopotea. Nilimuuliza: “Na nusu yako, yaya?”

“Nikirudi. Usimuombe maestro, ataiharibu.”

Lori likaondoka. Mwanzoni alipiga simu kutoka kwenye kilima kile ambako mtandao unapatikana. Alisema maharagi ni mengi, na kwamba wamama wa kanisa la kule wamemwomba awapigie alto wakati wa sadaka. Kisha barabara ikafungwa kwa sababu ya mapigano. Baada ya hapo mtandao wa kule ukakatika wote, na watu walioshuka kwa miguu kupitia njia nyingine walileta habari zisizopatana. Wengine walisema watu wa upande ule wameelekea Mahagi. Wengine walisema wamevuka kwenda Uganda. Mama mmoja tuliyemwamini alisema alipita mbele ya nyumba ya mama yake yaya, na mlango ulikuwa umefungwa kwa waya kutoka nje. Niliishika hiyo habari kuliko zote. Anayekimbia hafungi mlango kwa waya. Lakini pia waya unaweza kufungwa na jirani.

Nilimwendea shemeji nikamwambia nitaandika tangazo, nilisome mwenyewe, bila yeye kulipia kitu. Alikuwa juu ya ukuta anapanga matofali. Alishuka.

“Shemeji, hapana.”

“Ni kumutafuta tu.”

“Najua. Lakini ukimutangaza, kesho asubuhi watu wataleta viti hapa kwangu. Watakaa. Watoto wataona watu wamekaa.”

Alisema ukweli. Hapa kwetu jina likisomwa redioni katika saa ile ya matangazo, majirani hawasubiri kusikia mwisho. Wanabeba viti vyao wanakuja kukaa matanga. Sikuandika tangazo. Kila siku nasoma majina ya watu wengine waliopotea, na jina lake nalipitisha kimoyomoyo katikati, mahali ninapopumua.

Katika okestra tuliendelea. Kiti chake hatukukiondoa, si kwa sababu ya desturi yoyote, bali kwa sababu hakuna aliyejitolea kukiondoa. Tukifika sehemu ya polepole, mimi napiga nusu yangu mpaka mwisho wake, kisha nashusha upinde. Wimbo unaendelea juu, violoni zinaimba, besi inatembea chini, na katikati hamna kitu. Asiyejua hawezi kusema kinachokosekana ni nini. Anasikia tu kwamba muziki umekonda. Mara ya kwanza mchinjaji aligeuka kuniangalia, akidhani nimelala.

Sasa sikukuu ya parokia inakaribia, na okestra imepewa nafasi baada ya misa. Padri ameshatangaza. Maestro aliniita pembeni.

“Dada, mimi nitatunga nusu mupya. Kwa mdomo, kama kawaida. Siku mbili utakuwa umeijua.”

“Na ya yaya?”

“Ya yaya iko wapi? Nionyeshe, tuicheze.”

Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliniambia amejaribu kuikumbuka, amekaa kwenye kinanda, anapata harakati yake lakini hapati noti, kama mtu anayekumbuka mwendo wa marehemu na hakumbuki sura. Neno hilo, marehemu, lilimtoka, na sote wawili tulilisikia. Alikohoa. Akasema: “Mufano tu.”

Nilimwomba aningoje kidogo. Najua si jambo kubwa. Ni noti za alto, ambazo watu watakaokuwa kanisani hawatazitofautisha na nyingine. Lakini nikijifunza nusu mpya, midomo na vidole vyangu vitajaa, na siku akirudi hatakuwa na kitu cha kunifundisha. Na kama nikiijifunza, nitakuwa nimesema jambo ambalo shemeji amekataa lisemwe redioni.

Wiki hii barabara ilifunguliwa kidogo, malori machache yakashuka pamoja. Nilikwenda sokoni mahali pa viazi. Nilimkuta mfanyabiashara mmoja, mtu mzima wa kutoka pande za Mahagi, amekaa juu ya magunia yake anakula muhogo. Aliniambia alilala Kpandroma Jumamosi, akasali pale Jumapili. Sikumwambia chochote kuhusu yaya. Kazi imenifundisha usimpe mtu jibu ndani ya swali. Nilimuuliza tu misa ilikuwaje.

“Misa ilikuwa muzuri. Watu kidogo. Lakini wale wamama wako na wimbo moja ya ajabu kwa sadaka.”

“Ajabu namna gani?”

“Haina maneno. Wanafunga mudomo wanaimba mu pua. Na haiendi mahali! Inakaa pale pale, inashuka kidogo, inangoja, inapanda kidogo. Mi nilisema, hawa wamama wamesahau wimbo, wamebaki na kivuli yake.”

Nilijitahidi uso usibadilike. Nikamwomba aimbe.

“Mi? Weye nataka viazi yangu ioze?” Wenzake wakacheka, wakamchochea: “Imba, papa, imba, madamu anakuomba!” Akapangusa mdomo, akafumba macho.

Aliimba nusu yangu.

Aliiimba vibaya, sauti ya mtu aliyezoea kuita bei, lakini noti zilikuwa zile. Hakuna mtu angeweza kuzibuni, kwa sababu peke yake si wimbo. Ni ngazi bila mtu juu yake. Na mahali fulani, baada ya kushuka kwa tatu, alivuta pumzi katikati ya sauti ndefu. Hapo hakuna pumzi. Maestro alinikaripia sana kwa hiyo pumzi. Ni mimi ninayekatika hapo, kwa sababu ya kifua changu, na yaya aliponiiga sokoni aliiga na pumzi pia, kunichokoza, na ikabaki.

Mfanyabiashara alifika mwisho wa nusu yangu akanyamaza.

“Endelea, papa.”

“Inaendelea, ndiyo. Iko na ingine nyuma, hiyo ndiyo muzuri zaidi, mpaka mama moja karibu yangu alikuwa analia. Lakini dereva alipiga honi, mi nikatoka inje.”

Nilimuuliza kwa utaratibu, moja baada ya jingine. Nani aliwafundisha? Hakuuliza. Kulikuwa na chombo, kitu kama gitaa linalowekwa begani? Hakuona chombo. Nani aliongoza?

“Mwanamuke moja. Alikuwa mbele, anaangalia wamama, anapiga mukono hivi.”

“Iko namna gani, yule mwanamuke?”

“Mama, alikuwa amenipa mugongo. Mi niliona mugongo na kitenge. Weye nataka niseme nini, mugongo ya wanawake wa Kpandroma yote iko sawa, inabeba.”

Wenzake walicheka tena. Mimi nilikuwa nimeanza kupanga. Kama aliwafundisha kabla barabara haijafungwa, wakati ule aliponipigia simu kuhusu sadaka, basi wamama wanaweza kuwa wanaimba bila yeye, na anayepiga mkono ni mmoja wao. Kama aliwafundisha baadaye, basi ni yeye. Wimbo hauna tarehe. Nilimuuliza kama Jumapili nyingine aliwahi kusali pale. Akasema ilikuwa mara yake ya kwanza mwaka huu.

Jioni nilimweleza maestro. Alinitaka niimbe kama yule alivyoimba, na nilipofika kwenye pumzi alipiga paja lake kwa kiganja. Aliniomba nirudie. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitazamia: nilipoisikia peke yake, bila violoni juu, ilikuwa nzuri? Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kanisani wanaitumia kutolea sadaka.

Kwa shemeji nilikwenda kesho yake. Nilikuwa nimekusudia kumwambia kuhusu wimbo tu, niache habari ya mgongo, kwa sababu katika kazi yangu mgongo si habari. Nilimwambia yote. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko uliokuwa na saruji, na saruji ikaanza kukauka.

“Kitenge ilikuwa ya rangi gani?”

“Hakukumbuka.”

“Na mukono? Alipiga na mukono gani?”

Hilo sikuwa nimeuliza. Mimi, ambaye siku zote nauliza. Yaya anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu isipokuwa upinde. Shemeji hakunilaumu. Alirudi kwenye ukuta wake, akaweka tofali moja, akaligonga likae.

“Ambia maestro asitunge kitu,” alisema bila kugeuka.

Nilikimbia sokoni. Mfanyabiashara alikuwa amekwisha kupanda tena na lori tupu, pamoja na yale mengine, kabla barabara haijafungwa tena. Nilimpata dereva wa pikipiki aliyekuwa akitaka kwenda hadi njia panda ya kuelekea Kilo, akakubali kuwafuata mbio. Akarudi saa tisa akasema walikuwa wameshapita. Nina nambari ya simu ya yule mfanyabiashara, niliyopewa na wauza viazi wa sokoni. Inapatikana pale tu mtandao unapopatikana.

Leo ni Ijumaa. Sikukuu ni Jumapili. Mchana huu maestro ameniuliza tena, na nimemjibu kwamba alto itanyamaza pale inaponyamaza. Amesema sawa. Mchinjaji amesema yeye atapiga besi taratibu zaidi hapo, ili pasionekane shimo, na maestro amemkatalia: shimo lionekane.

Nimepiga ile nambari asubuhi, nikapiga tena mchana. Mara ya mwisho iliita. Iliita mpaka mwisho, na hakuna aliyepokea.